Zika Kwanza

Jumamosi ile, saa mbili na nusu ya asubuhi, tulikuwa labda watu mia mbili mbele ya lile depo, ghala ambalo watawala wapya wamelifanya ofisi yao, kila mmoja na jembe au fagio lake, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Ndipo nilipojua kwamba wote wameshasoma.

Juu ya mlango wa depo kulikuwa na maneno mawili ya herufi za bati zilizopakwa rangi nyekundu, kila herufi ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Tangu mwezi wa tatu yalisema KAZI KWANZA. Wale waliokamata mji ndio waliyaagiza, ili tuyasome kila Jumamosi tunapokuja kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro, ambayo usipofika unafuatwa nyumbani kwako. Asubuhi ile yalisema ZIKA KWANZA. Herufi zilikuwa zile zile. Mtu alikuwa amechukua mbili za mwisho za neno la kwanza akazitanguliza mbele.

Mpwa wangu Ramla alisimama kushoto kwangu. Alitazama chini kama wengine. Nikamwangalia mikono. Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kuume alikuwa na mkwaruzo mpya, mwembamba na mrefu, wa aina ambayo waya peke yake ndiyo huiacha. 

Mimi ni Kitwana, naandika vibao hapa Goma, mtaa wa Murara, tangu nikiwa kijana. Shule haikuniona. Herufi nilijifunza mwaka wa 1994 kwenye makopo ya mafuta ya msaada, wakati dunia nzima ilipokuja Goma kupiga picha maiti za kipindupindu, na tangu hapo nimesoma kila kilichobandikwa katika mji huu. Kila aliyekuja kututawala alikuja na kibao chake. Naweza kuwatajia vyote, kwa mpangilio, na rangi zake. Wengine hapa wana bahati ya kusahau. Mimi sina.

Katika kazi yetu herufi haitupwi. Duka likifungwa, tunanunua herufi zake, tunazitundika kwenye misumari ukutani, halafu tunakaa tukizitazama: hizi zinaweza kuwa nini tena? Baa ya RAFIKI ilipokufa nilichukua herufi zake sita nikamtengenezea muuza madaftari kibao cha FIKIRA, bila kukata bati hata kidogo. Ukizoea hivyo, macho hayatulii tena. Ramla na kaka yake Mahamudi walikulia chini ya misumari ile. Niliwapa neno MALI, wakanirudishia lami, lima, mila, na Ramla akaongeza imla, akajivuna wiki nzima. Ni yeye pia aliyegundua kwamba rafiki anageuka fariki. Alicheka sana, mpaka mama yake, dada yangu Kuluthumu, akamwambia aache, maneno mengine hayachezewi.

Mahamudi alikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Mwisho wa Januari, siku mji ulipoanguka, alitoka kutafuta maji na hakurudi. Pikipiki tuliiona. Mama mmoja wa jirani alituapia kwamba alimwona amelala kando ya barabara, shati lake la njano, na kesho yake lori lilipita likakusanya waliolala. Tulizunguka hospitali zote. Tulizunguka mashimo walimozikwa wengine. Hatukumwosha, hatukumswalia, na Kuluthumu hajakubali kukaa matanga mpaka leo, kwa sababu anasema huwezi kumlilia mtu ambaye hujaonyeshwa udongo wake. Kila wiki Ramla alikwenda depo kuuliza. Mimi sikwenda. Nilisema ninangoja wakati mzuri.

Komanda wa depo, aliyetoka kuja mbele yetu asubuhi ile, alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, viatu safi, sauti ya chini. Aliuliza mara moja tu nani aliyefanya jambo hili. Kisha akaleta kiti cha plastiki, akakaa, akaangalia watu. Watu wakaangalia majembe. Ingekuwa afadhali kama angepiga kelele. Mwenye kupiga kelele huchoka, na mimi najua, nimepiga nyingi. Huyu alikaa tu, na askari wake wakapita katikati yetu wakikusanya simu kwenye ndoo.

Nilianza kuhesabu mambo. Jana, Ijumaa, giza likianza kuingia, nilipokuwa msikitini, ilishuka mvua ile ya hapa kwetu inayofanya barabara kuwa mto, na walinzi bila shaka waliingia ndani. Ramla anaweza kuvuka mji mzima na ngazi begani na ndoo ya rangi mkononi na hakuna atakayemuuliza. Wamemzoea hivyo tangu ana miaka kumi na mbili. Kuhamisha herufi nne kunachukua robo saa. Hakuna aliyemwona, nikajiambia. Kama angeonekana, tungekuwa tumeshachukuliwa.

Kisha komanda akauliza nani aliyetengeneza zile herufi. Carlos akatoka mbele.

Lazima niseme Carlos ni nani. Tulijifunza kazi pamoja, miaka sita, kwa muzee Nshobole, mtu wa Bukavu, aliyekuwa hodari wa vibao kuliko wote waliowahi kuishi hapa. Muzee alitufundisha kutoboa bati, kupitisha waya na kuinyonga nyuma ili herufi isicheze hata upepo ukivuma kutoka ziwani. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo waya yangu inazunguka kwenda upande wake, kinyume cha waya ya mafundi wote. Carlos alinicheka miaka sita yote kwa jambo hilo. Na Ramla, ambaye anatumia mkono wa kuume kama watu, alijifunza kwa kuniangalia mimi, akachukua na kinyume changu. Mafundi wawili tu Goma nzima wananyonga waya namna ile. Yule atakayeitambua ni mmoja, na sasa alikuwa anaomba ngazi.

Halafu kuna mwaka wa 2012. Wenye bunduki walikamata mji siku chache, na Carlos akawaandikia vibao. Walipoondoka nilipanda juu ya meza sokoni nikamtaja jina, nikataja na mahali anapofanyia kazi. Watu wakaenda. Karakana yake iliungua na herufi zake zote, na akahamia barabara ya Lac Vert, akaanza upya na mkasi mmoja. Mimi sikuwasha kiberiti. Hilo ndilo nimekuwa nikijiambia miaka kumi na tatu.

"Ni zako?" komanda alimwuliza.

"Ni zangu, komanda."

"Basi wewe unajua mkono uliozigusa."

Carlos akasema mpaka aone kwa karibu. Akapanda. Amenenepa siku hizi, ngazi ikalia kila hatua. Alifika juu, akainama nyuma ya ile Z, na nikaona bega lake likisogea: alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye fundo. Akasimama hivyo. Akapitisha kwenye la pili.  Kwenye kichwa changu alikuwa ameshasema. Nilikuwa nimeshaona Ramla akivutwa kupitia ule mlango, na mimi nikirudi nyumbani kumwambia dada yangu.

Carlos akageuza kichwa. Alinitafuta katikati ya watu mia mbili, akanipata. Kisha macho yake yakasogea kidogo tu, kushoto kwangu, yakashuka mpaka kwenye mikono ya Ramla, yakabaki pale.

"Mujomba," Ramla akanong'ona, "niache niende mbele. Yule mutu hana kosa."

Akasogeza mguu nusu hatua. Nikamkamata kiganja, nikakibana mpaka nikasikia mfupa.

"Mama yako amebaki na mutoto mumoja," nikamwambia.

Mguu ukarudi.

Juu ya ngazi Carlos aliomba pensi, koleo la kukatia waya, akapewa, akaanza kukata. Hakufungua mafundo, aliyakata vipande vipande, kila fundo mara tatu au nne, na vipande vikaanguka kwenye tope vikazama. Herufi akazidondosha moja moja. Z ilitua karibu na kiti cha komanda, na komanda akasimama.

"Nani amekuambia uzishushe?"

"Komanda, kila dakika zinakaa hapa, watu banasoma. Ulipenda wasome mpaka saa sita?"

Nyuma yangu mtu mmoja alitoa pumzi puani, kicheko kilichokufa kabla hakijazaliwa. Komanda hakugeuka.

"Mkono wa nani?"

"Waya ni waya, komanda. Kila mutu mwenye pensi anaweza."

"Na wewe una pensi."

Carlos aliitazama ile pensi mkononi mwake kama vile ni mara ya kwanza anaiona.

"Niko nayo," akasema. "Ndiyo."

Wakamwingiza ndani. Sisi tukaambiwa kazi ianze. Nilichota matope mpaka saa saba mchana, mimi niliyepanda juu ya kila meza ya mji huu, mimi niliyewatukana wakubwa kwa majina yao na majina ya baba zao. Nilichota matope na sikusema neno. Kutoka ndani ya depo hakukusikika kitu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi kuliko yote, kwamba mtu anaweza kuwa mle ndani na nje pakawa kimya hivyo.

Tulipomaliza wakaturudishia simu zetu. Nyumbani Ramla alinieleza kabla sijamwuliza. Jumanne alikwenda depo kama kawaida, akauliza walipomzika kaka yake, na yule wa mlangoni, bila kusema kitu, alinyoosha kidole juu, asome kibao. Basi akasoma. Alirudi nyumbani akisoma, akalala akisoma, na Ijumaa mvua ikaanza. Alisema hakutaka kumtukana mtu. Alitaka tu wajibu lile swali. Kuluthumu alikuwa anachambua maharage, na mikono yake haikusimama, lakini nikaona anatupa mazima pamoja na mabovu.

Saa kumi jioni Micheline, mke wa Carlos, akanipigia simu. Kwamba wamemwachia. Kwamba ananitaka, na nije peke yangu.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka barabara ya Lac Vert. Carlos alikuwa amekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Walimpiga nyayo. Alipoinua mguu mmoja kubadilisha maji niliona rangi yake, nikaangalia pembeni. Micheline akaweka kiti mbali kidogo na cha mume wake, akaingia ndani bila kunipa mkono.

"Ni wewe ao ni ule mutoto?" Carlos akaniuliza.

"Ni mimi."

"Muongo. Wewe unabana zaidi. Ile waya iliminywa na mutu wa mikono laini."

Nilianza kumwambia habari za 2012, kwamba kuna neno ningetaka kumwambia tangu zamani, lakini akainua mkono.

"Usiniletee 2012 leo, Kitwana. Leo niko na miguu tu. Sikiliza. Lundi, kesho kutwa, nitarudi kule, wamesema. Leo nilinyamaza. Nilikuwa na hasira, na hasira inasaidia. Lundi sijui. Nakuambia ukweli kabisa: sijui. Ukiwa mule ndani mutu si mwenye kinywa chake."

Nikamwambia basi aseme ni mimi. Mkono wa kushoto, fundo la kinyume, kila kitu kinanifaa. Aseme, mimi nitakubali.

Alinitazama bila chuki, na hilo lilinisumbua.

"Na wakikuuliza nani alishika ngazi? Utaweza kunyamaza?"

Ningetaka kusema ndiyo. Miaka yote hii nimesema ndiyo kwa mambo makubwa kuliko hilo, mbele za watu, kwa sauti. Niliangalia lile beseni.

"Toa mutoto hapa Goma," Carlos akasema. "Kabla ya lundi."

Rafiki wa Kuluthumu anaitwa mama Émérance, mwenyeji wa Butembo, mkatoliki wa kila misa, anayeleta viazi kutoka juu milimani na kurudi na chumvi na sabuni. Lori lake lilikuwa litoke Jumapili asubuhi kwa njia ya Kibati, penye kizuizi cha askari. Hakuuliza sababu. Alisema tu kwamba barabarani yule msichana ataitwa Charline, ni binti wa mdogo wake, na kwamba ajifunze kufanya ishara ya msalaba bila kufikiri, maana kwenye kizuizi wanatazama vitu kama hivyo. Ramla alikaa kwenye mkeka wa mama yake akijifunza, paji la uso, kifua, bega, bega, na Kuluthumu, ambaye hajakosa swala tangu nimjue, alikuwa anamsahihisha.

Asubuhi, mzigo umeshafungwa, Ramla akakataa kupanda.

Alisimama kando ya gurudumu, kitenge cha mama Émérance mabegani, akasema haendi. Dereva akawasha injini. Mama yake akamsihi, mama Émérance akamwambia hana siku nzima, na Ramla akawa ananitazama mimi tu.

"Nikienda, nani ataenda kumuulizia Mahamudi? Mama hawezi kufika kule. Nani?"

"Mimi."

"Wewe unaogopa, mujomba."

Alisema bila dharau, kama unavyomwambia mtu kwamba kiatu chake kimefunguka. Watu walikuwa wanapita kuelekea misa. Nilijua wanasikia.

"Naogopa," nikasema. "Nitaenda."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

Akanitazama kama anapima bati kabla ya kukata. Kisha akapanda juu ya mifuko ya chumvi, akajifunika kichwa, na lori likaondoka likiyumba kwenye mawe ya volkano.

Saa zile tatu zilizofuata sitaki kuzirudia. Kuluthumu alikaa na simu mapajani. Kila gari lililopita nje lilikuwa linaturudishia mtoto wetu amefungwa mikono. Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka. Nilikwenda karakana nikashusha herufi kwenye misumari bila sababu, nikazirudisha. Saa nne na dakika chache mama Émérance akapiga, akasema viazi vimepita Kibati, akakata. Dada yangu akainama mpaka uso ukagusa magoti, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Januari, nikamsikia akilia kwa sauti.

Jumatatu niliamka mapema, nikaoga, nikavaa shati safi. Kuluthumu alinipa karatasi aliyoiandika mwenyewe, jina la mwanawe, jina la baba yake, umri, shati la njano, kovu kwenye kidevu. Alisema nisiipoteze, hana nguvu ya kuiandika mara mbili.

Mlinzi wa depo alinipekua akaniruhusu kuingia kwenye baraza. Kulikuwa na benchi moja, na Carlos alikuwa ameshakaa, amevaa ndala za mke wake kwa sababu viatu haviingii. Aliponiona uso ulimbadilika rangi.

"Umekuja kufanya nini hapa?" akasema chini chini. "Yule mutoto?"

"Ameondoka."

Alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, halafu nyingine. Nikakaa karibu naye. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa na nyuma yake mtu alikuwa anaburuta kiti sakafuni, anakisimamisha, anakiburuta tena. Carlos alikuwa anatetemeka paja. Mimi pia. Benchi lilikuwa fupi, kwa hiyo sikujua lipi lilikuwa tetemeko lake na lipi langu.

"Ukisema sasa, unisemee mimi," nikamwambia. "Nimeshafika. Hawana haja ya kunitafuta."

Alisogea, nikapata mahali pazuri zaidi pa kukaa.

Karani mwenye daftari akaja. Huyo alishamjua Carlos, hakumwuliza kitu. Mimi aliniuliza shida yangu. Nilikuwa nimejitayarisha maneno mengi usiku kucha, maneno ya mtu niliyekuwa zamani, yenye tarehe zote na haki zote. Yote yaliondoka. Nikafungua karatasi ya dada yangu nikasoma.

"Nimekuja kuuliza mlipomzika Mahamudi, mwana wa Kuluthumu, motari, miaka ishirini na mitatu. Alikuwa na shati la njano. Tunataka kumswalia."

Kalamu ya karani ikasimama katikati ya neno. Alinitazama, akatazama mlango, akanitazama tena, kama mtu anayeona ng'ombe ameingia kanisani. Akasema nirudi siku nyingine. Nikasema nitangoja. Akasema leo si siku yake. Nikasema nitangoja vilevile, na sauti ilinitoka nyembamba, si yangu, lakini ilitoka. Akafunga daftari, akagonga mlango, akaingia.

Tulisikia akizungumza ndani. Halafu tukasikia ile sauti ya chini, haikupanda hata kidogo.

Karani akatoa kichwa.

"Yule anayeulizia maiti," akasema. "Aingie."

Carlos alinishika mkono wa shati, akauachia. Nikasimama. Karatasi ya dada yangu ilikuwa bado wazi mkononi, sikuikunja. Nikaingia nayo hivyo hivyo.